Lita Moja Hadi Isecheno

Daftari hili nililianza Oktoba 2023, mwezi ambao lita ya petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36. Nilikuwa natoka Mombasa kwenda Kakamega, na nilitaka kujua jambo moja: mafuta yaliyoshushwa kwenye meli moja humfikia kila mtu kwa bei gani?

Mombasa ilikuwa chini ya Nairobi kwa takriban shilingi 3. Ndiko meli zinakotia nanga, na ndiko linakoanzia bomba lililofika Nairobi mwaka 1978 na kupelekwa Eldoret na Kisumu mwaka 1994. Nilidhani bei itapanda kadiri bahari inavyobaki nyuma, lakini Nakuru, Eldoret na Kisumu zilikaribiana sana na Nairobi, tofauti ikiwa ya senti au ya shilingi moja hivi. Kila tarehe 14 ya mwezi mamlaka ya kawi na petroli, EPRA, hutangaza bei ya juu kwa kila mji, nayo huanza kutumika usiku wa manane. Utaratibu huu ulianza Desemba 2010. Mji ulio mbali na bomba huongezewa gharama ya lori. Ndiyo maana lita ya Mandera huipita ya Nairobi kwa zaidi ya shilingi 10.

Kutoka Kisumu matatu ilipanda Kiboswa, ikapita Majengo, Chavakali, Khayega, na baada ya kilomita 50 hivi nikashuka Kakamega. Niliandika bei ya kituo cha kwanza nilichokiona. Tofauti na Mombasa, baada ya zaidi ya kilomita 800, haikufika shilingi 6. Nilifurahi kweli. Mtu wa Kakamega hakuadhibiwa kwa kuzaliwa mbali na bandari.

Kesho yake nilikwenda soko la Masingo, na huko bei zilianza kuzungumza lugha nyingine. Mahindi hupimwa kwa gorogoro, mkebe wa kilo mbili hivi. Wauzaji wawili waliokaa bega kwa bega walitaja bei moja, lakini mkebe wa mmoja ulikuwa umebonyea kitako. Mama aliyekuwa mbele yangu aliugeuza, akaupapasa chini kwa vidole, akaurudisha bila neno na kuhamia kwa jirani. Nyanya nazo zilipangwa kwa fungu la shilingi 20, na mwenye genge aliniambia bei ya fungu haijabadilika tangu mvua za masika. Kilichobadilika ni idadi ya nyanya. Nauli ya lori linalozileta ikipanda, nyanya moja hutolewa kwenye fungu. Hakuna tangazo la tarehe 14 kwa jambo hilo.

Jioni nilipanda boda hadi Isecheno, ukingoni mwa msitu wa Kakamega, kwenye njia ya udongo. Dukani kulikuwa na chupa za soda za nusu lita zilizojaa petroli. Nilipiga hesabu: chupa mbili zilizidi lita ya mjini kwa zaidi ya shilingi 40. Kilomita 800 za kwanza zimeongeza shilingi chache. Kilomita hizi za mwisho zimeongeza zaidi ya mara sita ya hizo. Nilitaka kukasirika. Lakini kijana wa boda alinieleza kwa upole: kituo cha karibu kiko kwenye lami, kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 20, na pikipiki itakunywa karibu nusu lita. Asubuhi huwa na pesa za chupa moja tu. Akienda nazo kituoni atarudi na tangi tupu. Mwenye duka anayebeba mtungi mzima kutoka mjini anamuuzia kijana safari ambayo kijana mwenyewe hawezi kuilipia.

Dukani humo niliona pia mafuta taa, yakipimwa kwa kikombe kidogo. Hapa bei zilikuwa zimekutana kwa namna iliyoniumiza. Mwezi huo Nairobi dizeli ilikuwa 205.47 na mafuta taa 205.06, senti 41 tu katikati yake. Mafuta taa zamani yalikuwa nafuu kabisa, ndiyo maana wachakachuaji waliyachanganya na dizeli. Mwaka 2018 ikawekwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ili kuwakomesha. Kosa lilikuwa la wachakachuaji, na anayelipa ni mwenye koroboi.

Siku ya tatu nilifika Busia, mpakani na Uganda. Uganda haina bei elekezi kama yetu, na wafanyabiashara wa mpakani wanakumbuka Januari 2022, madereva wa malori walipogoma kwa sababu ya vipimo vya korona na lita ikafika shilingi 10,000 za Uganda katika baadhi ya maeneo. Baada ya kuyasikia hayo nililiheshimu zaidi tangazo letu la tarehe 14, pamoja na mapungufu yake.

Nilirudi Isecheno Oktoba 2024. Petroli Nairobi ilikuwa imeshuka hadi 180.66, karibu shilingi 37 chini ya mwaka uliopita. Nikampata kijana yuleyule, tukasalimiana mulembe, nikamuuliza nauli. Ilikuwa ileile.

"Lakini mafuta yameshuka," nikasema.

"Mjini, mzee," akajibu, akifungua kifuniko cha tangi. Mama wa duka alikuwa ameinamisha chupa juu ya faneli ya plastiki, na sote watatu tukanyamaza tukitazama tone la mwisho likining'inia shingoni, hadi alipoigonga chupa kwa kidole likadondoka.