Tulilala Lushoto Pasipo Kula Chumvi ya Mtu

Mzazi ambaye binti yake ameposwa na watu wa mbali huwa na maswali mengi. Huuliza dini ya kijana, kazi yake, wazee wake na tabia yake. Lakini liko swali moja dogo ambalo aghlabu husahauliwa, nalo ni hili: siku atakapofunga safari kwenda kuwauliza watu hao katika mji wao, atalala wapi? Sisi twaona kuwa swali hilo lina uzito mkubwa kuliko lidhaniwavyo, na ndiyo sababu tumeshika kalamu.

Sisi ni wakazi wa Temeke, katika jiji la Dar es Salaam, na kazi yetu ni kusomesha watoto Qurani. Mwaka uliopita ililetwa kwetu posa ya kijana wa Kisambaa kutoka Lushoto, mfanya biashara ya mboga. Yeye hununua kabichi, karoti na viazi kwa wakulima wa milimani, akavipakia katika lori na kuvileta soko la Temeke Stereo. Hapo sokoni tulizoea kumwona mara mbili kwa mwezi: ana adabu, salamu zake ni za kiungwana, na mizani yake haina hila. Lakini soko si nyumba. Mtu aliye mbali na kwao ni kama kitabu kilichofunikwa. Jalada twaliona sisi, yaliyomo ndani wayajua jirani zake.

Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, aliletewa mtu wa kumshuhudia mwenziwe kuwa ni mwema. Akamwuliza shahidi mambo matatu: je, yeye ni jirani wa mtu huyo, ajuaye kuingia kwake na kutoka kwake? Je, amepata kufanya naye muamala wa fedha? Je, amepata kusafiri naye? Shahidi alipokana yote matatu, Sayyidna Umar alimwambia kuwa basi hamjui. Nasi tulipojipima kwa kipimo hicho tuliona kuwa kijana wetu hatumjui. Tukakata shauri kwenda Lushoto, sisi na mwenzetu wa nyumbani, pamoja na kijana wetu wa kiume mwenye umri wa miaka 17.

Jamaa za mposaji walipopata habari walituletea salamu njema: nyumba imefagiliwa, vitanda vimetandikwa, na mbuzi amekwisha kufungwa. Hapo ndipo tulipoingiwa na mashaka. Ukarimu ni sunna, na dini yetu imempa mgeni haki ya siku tatu. Lakini aliyekula chumvi ya mtu huona haya kumkatalia. Tungelala katika kitanda chao na kula mbuzi wao, kesho yake tungetoka vipi kwenda kuuliza aibu za mtoto wao kwa majirani? Na kama majibu yangekuwa mabaya, tungewatazama vipi usoni?

Shekhe Ibn Battuta, aliyepita pwani yetu mwaka 1331 hata akafika Kilwa, ameeleza desturi aliyoikuta Mogadishu. Mfanya biashara aliyeshuka chomboni alichukuliwa na mwenyeji wake, akakaa nyumbani kwake, na mwenyeji huyo ndiye aliyemwuzia na kumnunulia. Aliyefanya biashara na mgeni pasipo mwenyeji wake kuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Ulikuwa ukarimu mzuri na ulinzi mzuri. Lakini tazama, mgeni alikwisha kufungwa: jicho la mwenyeji lilikuwa ndilo jicho lake. Kwa kununua nguo na pembe labda yafaa. Kwa kumwoza binti, sisi tuliona haifai. Tukawarudishia jamaa shukrani zetu, tukanuia kulala katika nyumba ya wageni kwa fedha zetu wenyewe.

Tuliondoka alfajiri katika kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi. Njia yapita Chalinze, Segera na Korogwe, yote katika joto. Lakini ukifika Mombo gari huiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Ni mwendo wa kilomita 33 hivi za mapindi, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, ukiyaona maporomoko ya maji pale Soni, na kila pindi huongeza baridi. Mji wenyewe uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Wajerumani, walioupendelea kwa hewa yake, waliuita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, na baadhi ya majengo ya enzi yao yangali yamesimama. Lakini milima hiyo ina ufalme wa zamani kuliko huo. Huko Vuga ndiko kulikokuwa na makao ya Wakilindi, na mfalme wao mkubwa, Kimweri ye Nyumbai, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1848. Habari zao ziliandikwa kwa Kiswahili na Mwislamu wa pwani, Abdallah bin Hemedi, katika kitabu chake cha Habari za Wakilindi. Yeye hakuwaandika kwa kusikia tu. Alikaa nao miaka mingi, akiwa mwandishi wa Semboja, mwana wa Kimweri. Hilo nalo lilitukumbusha kuwa watu hawajulikani kwa kupita njiani.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya watu wa kadiri yetu. Chumba kilikuwa shilingi 15,000 kwa usiku, nasi tulihitaji vyumba viwili kwa siku tatu, jumla shilingi 90,000. Si fedha haba kwa mwalimu wa chuo cha Qurani. Kwa fedha hizo tulipewa kitanda, mablanketi mawili mazito, taulo, kipande cha sabuni, kandambili jozi moja, na kila asubuhi ndoo ya maji ya moto mlangoni. Choo kilikuwa uani, cha kutumiwa na wote, lakini kimesuguliwa. Mzee aliyekaa mapokezi alituandika katika daftari la wageni, kisha, pasipo kuombwa, akaleta mkeka na kutuonyesha upande wa kaskazini, ndiko kwenye kibla.

Twajua kuwa nyumba hizi zina sifa mbaya, na kwamba Mwislamu mwenye heshima huona haya kuonekana akitoka humo na mkewe. Sifa hiyo haikuzuka bure. Ukutani palibandikwa sharti, kama tulivyoliona katika nyumba nyingi za namna hiyo nchini, kuwa ni marufuku watu wawili wa jinsia moja kulala chumba kimoja. Basi baba na mwanawe wa kumzaa hawaruhusiwi kugawana chumba ili kupunguza gharama, ilhali mwanamume na mwanamke wasiojuana jana huingia pamoja wala hawaulizwi cheti cha ndoa. Sharti la namna hiyo limegeuza mambo juu chini. Lakini twauliza: ikiwa watu wema wote watazikimbia nyumba hizi, nani atakayebaki humo? Nyumba haina dhambi. Hufuata hali ya wanaolala ndani yake na ya anayeshika ufunguo.

Kwa kuwa tulinuia siku tatu tu, tulikuwa katika ruhusa ya msafiri. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, asiyenuia kukaa mahali siku nne kamili, ukiacha siku ya kufika na ya kuondoka, aweza kufupisha Sala. Lakini msikitini, tulipomfuata imamu mkazi, tulitimiza kama yeye. Na msikitini ndiko tulikoanza kuuliza.

Hapa wapo watakaosema kuwa huko ni kusengenya. La. Maulamaa, akiwamo Imamu Nawawi, wametaja mahali ambapo kusema aibu ya mtu kumeruhusiwa, na mashauri ya ndoa ni mojawapo. Bibi Fatima binti Qays alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kutaka shauri. Mtume hakumficha: alimweleza umaskini wa mmoja na ukali wa mwingine kwa wanawake, akamwelekeza kwa Usama bin Zaid. Aulizwaye ana amana ya kusema kweli, kwa kadiri ya haja, wala asizidishe.

Imamu alituambia kuwa kijana ni mtu wa Sala, ila alfajiri haonekani kila siku. Siku za lori husali njiani, na siku nyingine usingizi humshinda. Mzee wa mapokezi hakutaka kusema lolote mpaka alipojua sababu. Tulipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Maalimu, huyo nilimjua tangu akisoma juzuu ya Amma. Ana hasira za upesi. Lakini hasira yake hailali. Jua likichwa imekwisha, na huja mwenyewe kuomba radhi."

Ushahidi wa tatu ulipatikana sokoni, na aliyeupata ni mwenzetu wa nyumbani, kwani wanawake huambiana wasiyotuambia sisi. Mama mmoja mkulima alimsimulia kuwa masika moja kijana alichukua kabichi zake kwa mkopo. Mvua ikaporomosha udongo, njia ikafungika, na shehena yote ikaoza ndani ya lori. Wachukuzi wengine waliwaambia wakulima kuwa hasara ni ya Mungu, kila mtu abebe yake. Kijana huyu hakusema hivyo. Alilipa kidogo kidogo, muda wa miezi mitano, hata ikatimia shilingi ya mwisho.

Usiku wa pili alikuja baba wa kijana. Alisimama mlangoni mwa nyumba ya wageni na tochi mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumizwa.

"Maalimu," akasema, "mmetuaibisha. Mji mzima umeona wageni wetu wakibeba ndoo za maji uani. Tumekosa nini?"

Tukamkaribisha kwenye benchi, tukamjibu kwa upole: "Ndugu yetu, hamkukosa kitu. Kama ingekuwa ni kuja kusalimiana tu, tungeshukia kwako moja kwa moja. Lakini tumekuja kuuliza, na mwenye kuuliza akishiba chakula chako ulimi wake utakuwa mzito. Tukiwa wakwe, tutakuja kula hata pasipo kualikwa."

Alikaa kimya kitambo. Mzee wa mapokezi alijifanya kusoma daftari lake. Kisha yule baba akasema, "Haya, ulizeni. Nami kesho nitakwenda shambani nishinde huko, kwa maana wakiniona karibu nanyi watawaambia maneno ya kunipendeza mimi." Akatuaga, akazima tochi yake, akaenda zake. Na kweli kesho yake hatukumwona. Katika ushahidi wote tuliouchukua Lushoto, huo haukuwa mdogo.

Tuliporudi Temeke tulimketisha binti yetu mbele ya mama yake, tukamweleza yote: ya alfajiri, ya hasira, ya kabichi, na ya baba yake kijana. Hatukupamba wala hatukupunguza, kwani anayeolewa ni yeye, wala ndoa isiyo na ridhaa yake haina baraka. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akauliza jambo moja tu: "Yule mama wa kabichi, alikuwa akimfuata kumdai, au alipelekewa fedha zake?" Mwenzetu akamjibu kuwa alipelekewa, na kwamba mama yule alikwisha kata tamaa siku alipoletewa fungu la kwanza. Binti akaomba siku tatu. Akasali istikhara, na siku ya nne akasema amekubali. Arusi ilikuwa mwezi wa Shawwal. Tulipokwenda tena milimani hatukulipa chumba. Tulilala kwa wakwe zetu, na yule mzee wa mapokezi tulimwalika akaja.

Basi, ndugu wazazi, tunaposema gharama za kuoza twahesabu nguo, vyombo na karamu. Tuihesabu pia nauli ya kwenda kuuliza, na kodi ya chumba cha siku mbili tatu mahali ambapo hatuwiwi na mtu fadhila. Fedha hizo ni chache kuliko machozi ya binti aliyeozwa kwa haya ya baba yake. Nanyi mliojaliwa kuwa na nyumba za wageni, ziwekeni katika hali ambayo mtu aweza kumwingiza mkewe na mama yake pasipo kufunika uso. Kumstahi msafiri ni ibada. Na ninyi vijana, jueni kuwa kila deni mlilipalo na kila ahadi mtimizayo yaandikwa katika vifua vya watu, na siku moja mtu msiyemjua atakuja kwa basi, atalala katika chumba cha bei ndogo, na kuisoma.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika kheri, awape watoto wetu wenza wema. Amin.