Gari Yangu Inagoma Asubuhi Tu

Wadau, gari yangu ni oto ya mwaka 2001, na baridi ya Njombe mnaijua. Asubuhi naweka D, injini inanguruma, gari haisogei. Ikishapata moto, dakika kama tano hivi, inaondoka kama si yenyewe.

Fundi wa kwanza hata boneti hakufungua: "Gia boksi imekufa, badilisha." Hela niliyonayo ni ada ya mdogo wangu, jamani!

Fundi mwingine, mzee, akauliza tu, "Ikipata moto inashika?" Akaiacha inaunguruma, akachomoa kijiti cha oili ya gia boksi. Oili bado nyekundu, haina harufu ya kuungua, ila iko chini ya alama. Tukaongeza kidogo kidogo.

Sasa inashika baada ya sekunde tatu. Mzee anasema sili za mpira zimekakamaa kwa uzee, zikiwa baridi zinapitisha presha. Ada nimelipa. Sili zisubiri.