Tanga Halina Kelele

Nilikuwa mtu wa kujigamba kwa tanga. Wenye boti za mashine waliponipita kwa kishindo na moshi, niliwaona waharibifu wa bahari, na mimi ndani ya mashua ya kukodi nikajihesabu mlinzi wake. Kosa langu lilianzia hapo, kabla hata sijatia mguu majini.

Mlangoni mwa Hori ya Mida, kule Watamu, kuna mwamba wa matumbawe ya kale uitwao Kisiwa cha Nyangumi. Mawimbi yameula kwa chini hata kingo zake zikabaki zimening'inia juu ya maji. Uko katika hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968. Kati ya Juni na Oktoba, kusi inapovuma, buabua huja hapo kuzaa. Hawana kiota cha maana: yai moja au mawili hutagwa juu ya jiwe tupu, kisha dume na jike hupokezana kulilalia na kulikinga jua kwa muda wa wiki tatu na ushei. Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimeyasoma.

Nahodha alitaka tupite nje, mbali na mwamba. "Wana mayai hawa," alisema. Nikamjibu kwa ujasiri wa mtu aliyelipia chombo: "Mzee, hatuna mashine. Hawatatusikia." Akanitazama kidogo, akageuza shikio. Simlaumu. Mwenye pesa siku ile nilikuwa mimi, na anayelipa ni vigumu kumkataza.

Hawakutusikia. Hilo nililipatia. Tulizunguka pembe ya mwamba kimya, tanga likawatokea ghafla, kundi zima likaruka kwa pamoja. Nilishangilia. Nikapiga picha mfululizo, anga imejaa mbawa, nikidhani nimejaliwa kuona jambo ambalo wenye kelele zao hawalioni.

Jicho lilikuwa bado kwenye kamera nilipomwona ndege mweusi ambaye hakuwa akipaa na wenzake. Yeye alikuwa akishuka. Alikuwa kunguru, wale wa Bara Hindi waliojaa miji yetu ya pwani. Akatua juu ya jiwe, akainama, akaondoka na yai mdomoni. Wa pili akamfuata. Buabua walikuwa juu wakipiga kelele, lakini kurudi hawakuweza, kwa sababu mimi nilikuwa pale chini nikiwapiga picha.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mashine, kwa ubaya wake wote, hupiga hodi. Sisi tuliingia kama mwizi.

Nikamwomba nahodha tuondoke upesi, ombi la kijinga kwa chombo cha tanga. Upepo uliotuleta ndio uliotuzuia. Tukawa tunakwenda bisho, huku na huku, karibu na mwamba uleule, na muda wote huo mayai yalikuwa wazi kwenye jua la adhuhuri. Nahodha hakusema neno. Niliyoyaona yakichukuliwa ni mayai mawili. Yaliyoharibiwa na jua sikuyaona, na sikukaa kuyahesabu.

Basi ukipita pwani ya miamba msimu wa kusi, usijipime kwa kelele zako. Watazame wao. Wakinyoosha shingo na kuanza kuitana, tayari umeshawakaribia mno. Geuza hapo hapo, usingoje picha. Na nahodha akikwambia tupite nje, piteni nje. Pesa yako imekodi mashua, haikununua ujuzi wake.

Picha ninazo bado. Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na kila anayeziona huniuliza nilifanyaje hata nikawapata ndege wote wakiwa angani kwa wakati mmoja. Zamani nilikuwa nikisema ni bahati. Siku hizi najibu kwamba niliwafukuza.