Mtoto wa Mikumi na kiti cha Muhimbili

Wazazi wengi wa Kilosa matokeo ya kidato cha sita yakitoka hujiuliza: mtoto wa wilayani ataingiaje Muhimbili, akishindana na watoto wa Dar es Salaam?

Udahili wa vyuo vikuu vya umma nchini hauulizi mkoa. Jirani zetu Uganda hutenga baadhi ya nafasi za ufadhili wa serikali kwa wilaya. Hapa wote hupimwa kwa ufaulu: A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kufikisha vigezo vya chini vya TCU kunampa mtoto haki ya kuomba tu. Udaktari waombaji ni wengi kuliko viti, na wenye alama za juu hutangulia.

Binti mmoja wa Mikumi aliyesoma PCB aliitaka Muhimbili peke yake. Mama yake, muuza matunda barabarani, alimwambia, “Mwanangu, omba na Dodoma. Udaktari ni uleule.” Akaomba vyote viwili. Kutoka Kilosa, Dodoma kunafikika kwa treni ya SGR.

Mzazi, umbali huumiza baada ya majina kutoka. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kabla ya siku ya mwisho, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Usimwache mtoto aombe kwa namba ya kuazima. Laini iwe yake, na isizimwe.