Heri Anayeuliza Kuliko Anayekisia

Mpenzi msomaji, wewe uliyekaa katika darasa la Kiswahili waijua taabu ya neno paa. Kuna paa la nyumba, kuna paa mnyama wa porini, kuna kupaa angani kama ndege, na kuna kupaa samaki, yaani kumtoa magamba. Hapa kwetu Luanda Kotieno mtu akikupa kisu na ngege mbichi kisha akakuambia "paa", huwezi kuinua macho ukatazama mabati. Kisu na ngege vimekwisha kukueleza maana. Lakini hebu fikiria kiumbe asiyeona kisu wala ngege, aliyepewa neno tupu. Afanye nini? Akisie ama aulize? Jibu la swali hilo nililipata mwaka huu, tena si katika fasihi bali katika kompyuta.

Kwa wale wasiokujua kwetu, Luanda Kotieno ni ufuo wa wavuvi huko Rarieda, Kaunti ya Siaya, ambako feri huvuka kwenda Mbita. Akina mama hununua omena, huianika, kisha huiuza kwa gorogoro. Mama 18 wa mtaa wetu wana chama cha kuweka akiba. Kanuni yao ni moja: mkopo ukitoka, mwenye akiba kubwa hutangulia. Miaka mingi walitumia daftari. Halafu kijana mmoja akaja, akawaingizia hesabu katika kompyuta, akawaachia hifadhidata, akaenda zake.

Siku ya mkopo ilipofika orodha ilibandikwa ukutani, majina matupu bila pesa, kwa maana akiba ya mtu ni siri yake. Dani, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kijaluo, alikuwa na akiba ya shilingi 12,400, na mweka hazina alijua hakuna aliyemzidi. Kumbe jina lake lilikuwa la mwisho! Aliyekuwa juu kabisa alikuwa na shilingi 950. Minong'ono ikaanza. Wengine wakasema mweka hazina amehongwa, wengine wakataka aondolewe siku hiyo hiyo. Dani naye aliuhitaji mkopo ule kwa karo ya mjukuu aliye kidato cha nne.

"Nyakwara," akaniambia, yaani mjukuu wangu, "hiyo mashine yenu inasema mimi ni maskini kuliko wote?"

"La, Dani," nikamjibu, "tutaiuliza."

Mwalimu wa kompyuta alikubali tuitazame pamoja naye. Kwanza tulilinganisha daftari na mashine, jina kwa jina. Kiasi cha kila mmoja kilikuwa kile kile. Basi kama pesa ni sawa, mbona orodha imepinduka? Mwalimu akatuambia tuache kutazama pesa, tutazame safu yenyewe. Katika hifadhidata ya majedwali kila safu hutangazwa aina yake: hii ni ya maneno, hii ya namba, hii ya tarehe. Safu ya akiba ilikuwa imetangazwa kuwa ya maneno. Hapo ndipo penye kiini. Maneno hupangwa kama kwenye kamusi, herufi ya kwanza kwanza. 9 huizidi 8, na 8 huizidi 1. Kwa hivyo 950 ikapanda juu ya 8700, na 12400, maskini wee, ikashuka chini kabisa kwa sababu huanza na 1. Mashine haikumdhulumu mtu. Iliambiwa ni maneno, ikapanga maneno, wala haikutoa onyo lolote.

Tulipoiagiza ijumlishe safu ya akiba na safu ya faida, ambayo nayo ilikuwa ya maneno, ndipo ilipopiga kelele. Programu yenyewe ni PostgreSQL. Ilijibu kwamba hakuna opereta, yaani alama ya tendo, ya kujumlisha neno na neno. Mwalimu akatuonyesha kosa la pili linalofanana na hilo, lakini si lilo hilo. Aliandika '5' + '3', kila tarakimu ndani ya alama za kunukuu, bila kutaja aina. Safari hii mashine ilisema opereta zinazofaa ni zaidi ya moja na imeshindwa kuchagua. Mnaona tofauti? Kosa la kwanza ni kukosa njia, la pili ni kuwa kwenye njia panda. Alama ya kujumlisha hutumika kwa namba kamili, kwa desimali, hata kwa tarehe na siku. Ni paa lile lile letu, bila kisu wala ngege!

Vivyo hivyo, ukiandika '2024-03-05' kutoa '2024-02-27' bila kutaja aina, mashine itakataa. Taja kwamba zote mbili ni tarehe, nayo itakujibu 7, ikikumbuka kuwa Februari ya mwaka huo ilikuwa na siku 29.

Dawa ya kosa hili ni kutaja aina waziwazi, na agizo lake ni CAST(akiba AS numeric), yaani ichukue akiba hii kama namba. Tulipolitumia tukagonga mwamba tena, kwa maana mahali fulani paliandikwa "3,600" na pengine "800/=". Mkato na alama ya shilingi si namba. Hatukuvifuta kwa pupa. Tulizitafuta safu mlalo hizo zote, tukarudi kwenye daftari, mweka hazina akathibitisha, ndipo tukasahihisha na kuibadilisha safu nzima iwe ya namba. Safu ya simu tuliiacha iwe ya maneno. Nambari za simu huanza na 0, na ukizifanya namba sifuri hiyo hupotea. Tena nani hujumlisha nambari za simu?

Wazo hili la aina si geni. Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM, alipotoa makala yake kuhusu data ya majedwali mwaka 1970, alieleza kwamba kila safu huchota thamani zake katika kundi lake maalumu. Nayo PostgreSQL, katika toleo la 8.3 la mwaka 2008, iliacha kugeuza namba kuwa maneno kimyakimya kama ilivyokuwa ikifanya awali. Programu nyingi za zamani zikakwama, na watu wakalalamika. Ziko nyingine zenye upole zaidi: MySQL ukiiambia ijumlishe '5 kilo' na 3 hukupa 8, na onyo lake usipolitafuta hulioni. Ni tamu, lakini mimi sasa naiogopa tamu hiyo. Kosa lililopiga kelele tulilimaliza kwa alasiri moja. Lile lililonyamaza ndilo lililokaribia kumvunjia mtu heshima na kumnyima mtoto masomo.

Orodha mpya ilisomwa mbele ya wote, Dani akawa wa kwanza, na karo ikalipwa. Mweka hazina yuko kazini hadi leo. Aliyekuwa juu kwa akiba ya 950 alicheka, akasema hata yeye alishangaa, ila aliona haya kuuliza.

Wenzangu, kuuliza si ujinga. Mashine ikikataa kazi yako, usiitukane. Soma ilichoandika mpaka mwisho, kisha uitajie aina. Na ikikupa jibu upesi bila swali hata moja, hapo ndipo uende ukalichukue daftari.