Shosho wa Korogocho Wanaojifunza Kujikinga

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi kwa Barabara ya Juja hadi Kariobangi, kisha ukaendelea kwa miguu, unaingia Korogocho. Ni mtaa wa mabanda ya mabati yaliyobanana, wenye vijiji kama Highridge, Grogan, Ngomongo na Kisumu Ndogo. Ng'ambo ya mto liko jaa la Dandora, lililoanza kupokea taka za jiji miaka ya 1970, na upepo ukigeukia huku, moshi wake huingia mpaka jikoni. Vijia ni vyembamba, mitaro iko wazi, na mvua ikinyesha matope huteleza vibaya. Muuguzi hawezi kupita njia ile bila kufikiria nyonga za wazee.

Tulikwenda akina mama wanne wa kanisa kuwaona wanawake wa kikundi cha Shosho Jikinge. Shosho ndiye bibi kwa lugha ya Nairobi. Kazi hii ilianza mwaka 2007: wanawake wazee wa mtaa kufundishwa mbinu za kujilinda, zinazofanana na karate. Wengi wamepita miaka 60, na wako waliopita 80.

Usidhani, mama mwenzangu, kwamba walianza ili kunyoosha viungo. Walianza kwa sababu wazee walikuwa wakiibiwa na kunajisiwa ndani ya nyumba zao wenyewe, mara nyingi na vijana wa rika la wajukuu wao. Baadhi ya vijana hao waliamini kwamba mwanamke mzee hana virusi vya UKIMWI, na wengine kwamba kulala naye huponya. Huo ni uongo mtupu. Tunaona haya kuyataja haya mbele ya familia, lakini mama zetu wengi wanaishi peke yao, wala si Korogocho tu. Basi niseme wazi: mama aliyetendewa hivyo afikishwe hospitalini upesi, kabla ya kuoga. Dawa za kuzuia virusi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Asifichwe kwa kuwa ni mzee.

Tuliwakuta wamejipanga, leso viunoni na vitambaa kichwani. Mguu mmoja mbele, magoti yamelegezwa kidogo. Kiganja kinarushwa kutoka chini kuelekea pua ya adui, kisha ngumi kidevuni, na kila pigo lina sauti yake: "Hapana!" Sauti hiyo ni nusu ya silaha, maana majirani husikia, na anayepiga kelele hutoa pumzi badala ya kuibana. Shabaha si kushinda vita. Ni kumuumiza mtu kiasi cha kupata nafasi ya kukimbia na kuita watu. Mmoja alipokosa shabaha akapiga hewa, wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Kicheko hicho nacho ni dawa kwa mjane anayeshinda peke yake.

Nilitazama zaidi miguu yao. Kuhamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja hadi mwingine bila kuyumba ndiyo mazoezi hasa tunayowatakia wazee. Mwanamke akikoma hedhi, mifupa yake hupoteza uimara kwa haraka, na misuli ya mapaja hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Nyonga ikivunjika, wengi hawatembei tena kama zamani. Wachina wana sanaa yao ya kale ya kujihami, taichi, inayofanywa polepole. Utafiti wa Atlanta, Marekani, uliochapishwa mwaka 1996, ulihusisha watu 200 wa miaka 70 na zaidi. Wale waliojifunza taichi kwa wiki 15, hatari yao ya kuanguka mara kwa mara ilipungua karibu nusu.

Nasi mabinti hufanya nini? "Mama, keti, utaumia." Tunamnyang'anya jembe, ndoo, hata ufagio, na yote ni kwa upendo. Lakini msuli usiotumika hunyauka.

Mama yako au mama mkwe akipenda kuanza, apimwe presha kwanza, na asiache dawa zake. Ashike mgongo wa kiti imara, asimame kwa mguu mmoja akihesabu hadi kumi, kisha abadilishe. Ainuke kitini mara tano bila kujisukuma kwa mikono, akiweza, nawe uwe karibu naye. Avae viatu visivyoteleza, si kandambili. Mwenye kisukari asianze na tumbo tupu, na mwenye goti bovu asilikunje sana. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, aache mara moja na aende kuonwa na daktari.

Mama mkwe wangu ana miaka 74, na ameanza na kiti. Ngumi bado hazitaki, lakini ile "Hapana!" ameipenda mno, na kuku wa jirani wameshaanza kuizoea.