Bekapu Yako Iko Sawa? Una Uhakika?

Watu wangu, leo naanza na aibu yangu mwenyewe kabla mtu hajaniandikia "ndiyo maana uliacha chuo."

Nikiwa mwaka wa pili, mtihani uliuliza: eleza maana ya bekapu. Nikajaza ukurasa mzima, nikapata alama zote. Baada ya kuacha masomo, mama mmoja mwenye duka la jumla akanipa kazi ya kutunza seva yake ya Linux. Ndani kulikuwa na hifadhidata ya Postgres yenye madeni ya wateja wake wote. Nikaweka programu ya pg_dump kwenye kompyuta kuukuu ya kaunta, iwe inatoa nakala kila usiku. Nikalipwa, nikaenda zangu.

Baadaye nikapandisha Postgres ya seva kutoka toleo la 12 hadi la 14. Ile pg_dump ya kaunta nikaiacha palepale kwa 12. Sasa sikiza: pg_dump ya zamani hukataa kabisa kunakili hifadhidata ya toleo kuu jipya kuliko yenyewe. Hilo limeandikwa wazi kwenye maelezo yake. Nilisoma? Wapi! Kila usiku faili lilizaliwa, lina jina, lina tarehe, ndani baiti sifuri. Onyo lilikuwa linatumwa kwa barua pepe ambayo sikuwahi kuiweka.

Siku moja stima ikapotea, ikarudi kwa nguvu, diski ikafa.

"Kijana wangu, madeni yangu yako wapi?" Manze, sikuwa na jibu.

Msidhani ni ujinga wa walioacha chuo pekee. Tarehe 31 Januari 2017, injinia wa GitLab alifuta data kwenye seva isiyofaa. Kati ya gigabaiti kama 300, zilibaki karibu 4.5. Wakakimbilia bekapu, hakuna kitu: pg_dump yao ilikuwa 9.2, hifadhidata ilikuwa 9.6. Barua pepe za onyo nazo zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ya diski ambayo injinia huyohuyo alikuwa ameitoa saa sita hivi mapema, kwa shughuli nyingine. Heshima yao ni kwamba walieleza yote hadharani.

Kwa hivyo ule ukurasa wa mahitaji ya mfumo ambao sisi wote huruka, usome. Toleo la programu linaoana na la hifadhidata? Diski ina nafasi ya kutosha? Mtumiaji anayetoa nakala ana ruhusa ya kusoma kila jedwali? Kazi ikifeli, nani ataambiwa? Halafu, angalau mara moja kwa mwezi, chukua ile nakala uirejeshe kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka. Kama hujawahi kuirejesha, huna bekapu. Una matumaini tu.

Na mama? Hakunipigia kelele. Aliinama chini ya kaunta akatoa daftari. Kumbe kila jioni alikuwa bado anaandika madeni kwa kalamu, kimyakimya, kwa sababu hakuiamini ile mashine. Au mimi. Nilikaa naye siku nne nikiingiza kila deni upya, bila malipo.

Yeye hakufanya ule mtihani. Lakini kati yetu wawili, ni yeye aliyejua maana ya bekapu.